Nyasi Tupu Katikati ya Picha

Tangu harusi ya Neema ipite, kila anayeingia ukumbini kwetu Mwanga ananiuliza jambo lile lile. Picha kubwa ukutani ni mpya, hilo wameliona. Milima inafanana na yetu, hilo wamekubali. Lakini kwa nini pale katikati nimeacha nyasi tupu, kama kiwanja kinachosubiri mwenyewe? Na ilikuwaje nikaenda hadi Guangzhou kuitafuta picha ya Upare? Nimechoka kusimulia kipande kipande huku mwingine ananidakia maneno. Nimeandika yote hapa. Someni, halafu mniache nipumue.

Mwanga hadi Dar

Kwa wasioujua ukumbi wetu: picha ilitangulia, ukumbi ukafuata. Marehemu baba aliinunua picha ile kwa meneja wa shamba la mkonge, mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na alipojenga ukumbi aliupima ukuta wa mbele kwa upana wa picha. Tangu hapo hakuna aliyeoa, aliyeolewa wala aliyepata kipaimara pale mjini bila kupigwa picha mbele yake. Ilikuwa na mlima wa theluji, ziwa, miti myekundu, mnyama mwenye pembe anakunywa maji, na kijitu kimoja kidogo juu ya jiwe, kimetugeuzia mgongo, kinatazama bonde.

Baba alitufundisha tungali wadogo. Mlima ni Kilimanjaro. Mbona umechongoka? Kwa sababu mchoraji alikaa upande wa Kenya. Ziwa ni Jipe. Miti myekundu ni mikrismasi imechanua. Mnyama ni kuro. Na kile kijitu ni babu yetu, anamtafuta mbuzi aliyepotea. Sisi tukawafundisha wenzetu shuleni, wao wakawafundisha watoto wao, na hakuna aliyebisha. Kwa Wapare, watu tunaosemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, kutobisha huko peke yake kulipaswa kunishtua.

Masika yaliyopita paa lilivuja. Tulipogundua, nusu ya picha ilikuwa imeota ukungu na nusu nyingine inabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Mama hakulia msibani kwa baba kama alivyolia siku ile. Neema, kitindamimba wetu, alikuwa ameshachumbiwa.

"Ninyi wote mmeolewa baba yenu akiwa pale pembeni ya picha, anawapanga," mama aliniambia. "Sasa baba hayupo na picha haipo. Neema nimsimamishe mbele ya ukuta?"

Nikamwahidi kwamba Neema hatasimama mbele ya ukuta. Nilikuwa na safari ya kufuata mapazia na vitambaa vya viti, na wafanyabiashara wenzangu walikuwa wameniambia kwamba kule China wapo wanaochora chochote utakachowaonyesha. Picha ya zamani nilikuwa nayo kwenye simu, iliyopigwa kabla ya mvua. Mama akanifungia mahindi yaliyokobolewa na maharage ya makande, akasema huko watu wanakula wanachojua wao. Basi la kwenda Dar lilipata pancha karibu na Korogwe, tukakaa kando ya barabara tukila machungwa hadi vidole vikanata. Kwa kumbukumbu yangu huo ndio uliokuwa usumbufu mdogo kuliko yote.

Addis Ababa, ukungu

Ndege ya kuunganisha haikuruka. Walisema ukungu, na kweli ukitazama dirishani ulikuwa unaona dirisha tu. Tukapewa ingera, ule mkate wao mpana na laini, na mchuzi mkali wa dengu. Nilianza kutafuta kijiko, mama mmoja wa Kihabeshi akaniangalia kwa huruma, akakata kipande, akachota mchuzi, akanilisha mwenyewe mdomoni. Niliona haya. Baadaye nikaambiwa kulishwa hivyo ni heshima, basi nikala la pili bila haya.

Jirani yangu kwenye viti alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye koti la rangi ya maziwa, aliyejitambulisha kama Papa Jérôme. Alikuwa anafuata nguo za watoto. Nikamwonyesha picha ya ukumbini ili kupoteza muda, na akanyanyuka kitini.

"Mama! Mais, hii ni kwetu! Hii ni ziwa Kivu. Nani alikupa foto ya kwetu?"

"Papa, hilo ni ziwa Jipe."

"Jipe ni nini? Angalia hii mlima. Miye nimezaliwa chini ya hii mlima. Baba yangu alikuwa na shamba apa," akagusa kioo, "nyuma ya hii miti."

Tulibishana hadi walipotuita kupanda. Yeye alikuwa na uhakika kama mimi, tena alikuwa na machozi. Niliketi kwenye ndege nikijiuliza inakuwaje mtu wa Bukavu na mtu wa Mwanga wakumbuke sehemu moja. Nilijipa jibu la haraka kwamba Papa Jérôme amekaa mbali na kwao muda mrefu, macho yamemchanganya.

Guangzhou, kwa Shamsa

Aliyenipokea ni Shamsa, Mzanzibari wa Mwanakwerekwe. Kazi yake ni kuwazungusha wanunuzi: anajua kila ngazi ya soko la Zhanqian, anakalimani, anapakia mizigo, na anakutania kutwa nzima bila malipo ya ziada. Aliutazama mfuko wangu wa mahindi.

"Bibie, umekuja China na makande?"

"Mama kanifungia."

"Haya. Tutayapika. Ila kwanza ule kitu cha moto, uso umekusinyaa."

Akanipeleka kwa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mikono, mpishi anapiga unga mezani, ananyoosha, anakunja, ananyoosha tena, mpaka donge moja linakuwa nyuzi. Nilisahau kula kwa kutazama. Maji ya kunywa nayo wanakuletea ya moto, kwenye jua lile. Nikadhani wamesahau majani ya chai, nikawa nangoja. Shamsa akaniacha ningoje mpaka alipochoka kucheka.

Kesho yake tulikwenda Zhongda kwa mapazia. Sitawachosha na vitambaa. Niseme tu kwamba ni soko ambalo ukigeuka mara mbili umepotea, na mikokoteni yenye majora inakupita kwa kasi huku mwenye nayo anakupigia kelele kana kwamba wewe ndiye uliyejenga njia kuwa nyembamba. Tulipomaliza, Shamsa akanipandisha ghorofani kwenye jengo la nyuma, kwa fundi anayechora mapazia ya studio za picha. Ngazi zilinuka rangi na supu.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Lin, nywele kazifunga kwa kalamu, aproni yake ina rangi nyingi kuliko picha zake. Shamsa alimwita *laobani*, yaani bosi, kama anavyomwita kila mwenye duka. Nikampa simu. Lin akaitazama picha yangu, hakuuliza chochote, akaenda kwenye turubai zilizokunjwa, akavuta moja, akaifungua sakafuni.

Mlima wangu. Ziwa langu. Kuro, miti myekundu, jiwe, babu.

"Ameipata wapi?" nilimuuliza Shamsa. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikipanda.

Wakasemezana. "Anasema *Meiguo*. Amerika. Picha ya zamani ya Wamarekani, anainakili tangu alipokuwa mwanafunzi. Anauza sana, hoteli zinaipenda."

"Mwambie hilo ni ziwa Jipe."

"Namkunda," Shamsa aliniita kwa jina, kama mtu anayeonya.

"Mwambie!"

Shamsa akamwambia. Lin akanionyesha miti kwa mpini wa brashi, akaeleza taratibu. Ile si maua. Ni majani. Kule baridi ikikaribia, majani huwa mekundu halafu huanguka. Na mnyama yule ni kulungu wa kwao. Nilitafuta la kubisha. Niliuliza theluji, nikauliza jiwe, nikauliza kwa nini kuna mtu mmoja tu. Akasema picha hizo mara nyingi huwa na mtu mmoja mdogo, ili ujue mlima ni mkubwa.

"Mpare na kesi," Shamsa alisema, akinishika mkono. "Bibie, kesi hii huishindi. Twende tukapike makande."

Chumbani

Nilisoma kwenye simu hadi shingo ikauma. Mimi nikishikwa na kitu siachi, mnanijua. Nilichoelewa ni hiki. Karne ya kumi na tisa Marekani ilikuwa nchi changa, na watu wake walikuwa wanaionea wivu Ulaya yenye makasri na makanisa ya kale. Wao walikuwa na nini cha kujivunia? Wachoraji wao wakabeba rangi wakaenda kwenye milima, mito na maporomoko, wakavichora vikubwa kuliko mtu, vina mwanga kama wa siku ya kwanza ya uumbaji. Watu wa mjini waliingia kwa kiingilio kuitazama picha moja tu, wakatoka wakisema: kumbe hii ndiyo sisi. Hawakuwahi kukanyaga huko, lakini kuanzia hapo kulikuwa kwao.

Hapo nilicheka peke yangu, maana ndicho alichokifanya baba pale Mwanga, kwa picha ile ile.

Kisha nikasoma upande wa pili, nikaacha kucheka. Mabonde yale hayakuwa matupu. Yalikuwa na wenyewe, waliolima, waliowinda, waliozika wazee wao humo. Wengine walikuwa wameshafukuzwa, wengine walikuwa wanafukuzwa. Kwenye picha nyingi hawapo kabisa, au yupo mmoja, mdogo, kama pambo. Nikaikumbuka kalenda ya utalii iliyoning'inia jikoni kwetu mwaka mzima: tembo, mlima, tembo. Hakuna hata mtu mmoja anayepalilia. Upare wetu mimi sijawahi kusimama mahali nikatazama nisione moshi wa jiko la mtu. Imekuwaje tulikaa mbele ya bonde lisilo na nyumba, miaka yote hiyo, tukasema ni kwetu?

Nikamtumia mama ujumbe wa sauti, nikamweleza yote. Kisha jibu likaja.

"Na kuro? Naye Mmarekani?"

"Ni kulungu, mama."

Akashusha pumzi. "Mwacha asili ni mtumwa. Hiyo waachie wenyewe. Wewe nichoree ya kwetu."

Mwezi mmoja kwa Lin

Nikaahirisha kurudi. Nikampa Lin picha zote za Usangi, kule kwetu milimani, nilizokuwa nazo kwenye simu, na nilizowaomba ndugu wanitumie. Nilitaka bonde lenye watu, hasa kwa hasira. Nilitaka migomba, kanisa na msikiti, wanawake wenye kuni, watoto wa shule, wazee kwenye benchi, na *ndiva*, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ambalo wazee hulifungulia kila shamba kwa zamu. Na katikati, mbele kabisa, baba amesimama na kofia yake, anatutazama.

Kila nilipokwenda nilikuta jambo. Ndiva ilikuwa imegeuka kuwa mashamba ya mpunga, ngazi kwa ngazi. Tukairudia. Wanawake walibeba kuni kwa mti begani, mzigo mbele na mzigo nyuma. Nikasema kwetu tunabeba kichwani.

"Mzega huo," Shamsa alisema. "Unguja tunabebea maji. Mwache mmoja, awe mgeni wenu kutoka pwani."

Ndiyo maana yupo, kule kushoto. Wengi mmeuliza.

Lin hakuwa mtu wa maneno, lakini hakuna siku aliyoniacha niondoke bila supu. Mara ya kwanza alinipakulia bakuli lenye miguu ya kuku, akakaa akinitazama kwa jicho la kutega. Nikaitafuna hadi kucha. Akapiga meza kwa furaha, akaenda kuwaita majirani waje waone. Alidhani kapata maajabu, na mimi nilikuwa nakula kitu ninachokinunua kila jioni stendi.

Picha ilipokamilika nilirudi nyuma hadi mlangoni niione yote. Bonde lote lilikuwa na pumzi. Na baba alikuwa pale, na koti lake la Jumapili. Nikaipiga kwa simu, nikamtumia mama.

Jibu lilikuja papo hapo. "Nzuri. Nzuri sana, mwanangu. Baba yako kafanana. Sasa Neema atasimama wapi?"

Sikumwelewa. Nikamsikiliza tena. Kisha nikafungua picha za harusi zetu: yangu, ya dada yangu, ya binamu, za watu nisiowajua majina. Bonde tupu la Wamarekani, na mbele yake sisi, tumejaa, tumebanana, mashangazi wanavutana vitenge wapate nafasi. Hatukuwahi kuliona kuwa tupu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa watu wake. Picha yangu mpya ilikuwa imeshajaa. Bwana harusi angesimama juu ya kichwa cha mwanamke wa kuni, na Neema angemziba baba yake uso.

Mvua

Redio zilikuwa zinatangaza kimbunga. Maduka ya Zhongda yalikuwa yanateremsha milango tulipofika kwa Lin tumelowa chapachapa. Shamsa akaeleza tunachotaka: watu wa katikati waondoke, pawe nyasi.

"*Meiyou*," Lin alisema, hakuna, akaendelea kuosha brashi. Kisha akasema neno jingine, refu, bila kututazama.

"Anasemaje?"

Shamsa alisita. "Anasema mwezi mzima umemgombeza kwa ajili ya watu. Leo unataka ya Kimarekani."

Alikuwa anasema kweli. Nikamwonyesha simu, harusi moja baada ya nyingine, nikimpanulia mashangazi kwa vidole viwili ili wakue. Alizitazama zote. Alicheka mashangazi walipovutana. Mwishowe akachukua kijani.

Nasema wazi kwamba niliumia. Kuwaona wanawake wale wakipotea chini ya brashi, miguu kwanza, halafu kanga, halafu kuni, kulikuwa kugumu, na aliyeagiza ni mimi. Nilimwomba awahamishe asiwafute, naye akawapeleka pembeni mmoja mmoja, wengine njiani, wengine mlangoni pa kanisa. Benchi la wazee likakaa chini ya mgomba. Alipomfikia baba nilimshika mkono.

"Huyu hafutwi."

"Basi aende wapi?" Shamsa akauliza. "Akibaki hapo, bibi harusi atasimama juu yake."

Hapo nikalikumbuka jiwe. Lile la picha ya zamani, lenye kijitu. Nikamwomba Lin achore jiwe juu ya ndiva, upande wa kulia, na baba asimame pale anatazama bonde. Lakini kumtazamisha bonde ni kumgeuza, na sikuwa na picha ya baba kwa nyuma. Nani humpiga baba yake picha ya mgongo? Lin akanyoosha mikono, kama kusema basi nionyeshe.

Shamsa akaazima kofia kwa mlinzi wa jengo. Nikaivaa. Nikageuka, nikaweka mikono nyuma, nikashusha bega la kushoto kama alivyokuwa akilishusha baba tangu alipoanguka kwenye baiskeli, nikaukazia macho ukuta wa Lin kana kwamba ni Usangi. Mvua ilipiga madirisha. Niliposimama hivyo nilijua kwa nini alipenda kusimama hivyo: mikono ikiwa nyuma huna la kufanya ila kutazama. Nililia, na hakuna aliyeniona kwa sababu nilikuwa nimewapa mgongo.

Ndege ilicheleweshwa na kimbunga, nami nikashukuru, maana rangi ilihitaji kukauka.

Nyumbani

Yaliyobaki mliyaona wenyewe. Picha iliwahi, na kuibandika ukutani kulitumaliza nguvu wote. Neema na mumewe walisimama kwenye nyasi, mashangazi wakavutana kama kawaida yao, na mpiga picha akapiga kelele mpaka akakauka koo. Siku ile wengi walisema hawaoni tofauti na ile ya zamani; maswali yalianza baadaye.

Mlipotoka kwenda kula, mama alibaki. Nilidhani amechoka, nikamrudia na kiti. Alikuwa ameusogelea ukuta, kanyoosha mkono kuelekea lile jiwe la kulia, ila halikufikika.

"Baba Namkunda," alisema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani. "Geuka basi. Watoto wamefika."

Nilisimama nyuma yake na kiti changu mkononi. Sijamwambia mgongo ule ni wa nani, na ninyi mnaosoma haya, naomba msimwambie.